Uwanja wa Holman, Vero Beach

Uwanja wa Holman uko Vero Beach, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Florida nchini Marekani, takriban kilomita 220 kaskazini mwa Miami. Ulifunguliwa tarehe 11 Machi 1953 kwa ajili ya timu ya besiboli ya Dodgers, ambayo wakati huo ilikuwa timu ya Brooklyn, New York, na ambayo baadaye ilihamia Los Angeles. Haukujengwa ili mechi za ligi kuu zichezwe humo. Ulijengwa kwa ajili ya wiki chache za kila mwaka, Februari hadi mwisho wa Machi, timu inapojiandaa kwa msimu. Hakuna bingwa wa ligi kuu aliyewahi kutawazwa kwenye nyasi zake, wala kikombe kilichowahi kuinuliwa pale. Pamoja na hayo, ni viwanja vichache vya besiboli vyenye historia nzito kama yake, kwa sababu uwanja huu na kambi iliyouzunguka vilisimama katikati ya swali lililoigawa Marekani: je, mtu mweusi na mtu mweupe wanaweza kula meza moja, kulala jengo moja na kutazama mchezo mmoja wakiwa bega kwa bega?

Msimu wa besiboli huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, wakati miji ya kaskazini kama New York, Boston na Chicago ndiyo kwanza inatoka kwenye theluji. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 timu zilizoea kuhamia kusini kabla ya msimu ili wachezaji wanyooshe viungo kwenye jua. Baadaye maeneo mawili yakawa makao ya desturi hiyo: Florida na Arizona. Mechi za kirafiki za Florida hujulikana kama Ligi ya Balungi, na jina hilo linakaa vizuri Vero Beach kuliko pengine popote, kwa kuwa mji huo umo katika kaunti ya Indian River, inayosifika kwa mashamba yake ya balungi na machungwa. Mechi hizo hazihesabiwi katika msimamo wa ligi. Mrushaji hupimwa bega, kijana asiyejulikana hupewa zamu mbili za kupiga, na mkongwe huangaliwa kama miguu bado inamtii. Kwa mashabiki, thamani yake ni ukaribu, kwa maana mchezaji anayeonekana kwa mbali wakati wa msimu hupita hatua mbili kutoka kwao.

Ardhi ya kambi ya Vero Beach ilikuwa sehemu ya uwanja wa ndege. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliuchukua uwanja wa ndege wa mji na kuufanya kituo cha kufunzia marubani wa vita. Vita vilipokwisha jeshi liliondoka, likaacha njia za ndege, mabweni ya mbao na jiko kubwa lisilo na walaji. Mfanyabiashara wa mji huo, Bud Holman, aliyekuwa akiuza magari na pia mkurugenzi katika shirika la ndege la Eastern, aliona kwamba majengo yale yangeweza kuwafaa watu wa besiboli. Mwaka 1947 alifanya mazungumzo na uongozi wa Dodgers, na Buzzie Bavasi, mmoja wa maofisa wa timu, akatumwa kwenda kuona. Vero Beach ilikuwa ndogo mno: hata sensa ya 1950 ilihesabu wakazi wasiofikia 5,000. Lakini ilikuwa na vitanda, jiko, ardhi tambarare na mwenyeji mwenye ari.

Branch Rickey, rais wa Dodgers, alikuwa na sababu mbili za kutaka mahali pa namna hiyo. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kazi. Yeye ndiye aliyebuni, tangu akiwa na timu ya St. Louis, utaratibu wa timu kubwa kumiliki timu nyingi za ligi ndogo na kulea vijana humo hadi waive. Dodgers walikuwa na timu za aina hiyo zaidi ya 20 na mamia ya vijana, na Rickey alitaka kuwaona wote mahali pamoja, wakifundishwa kwa mtindo mmoja.

Sababu ya pili ilikuwa Jackie Robinson. Rickey alikuwa amemsajili kijana huyo mwaka 1945 ili avunje mwiko uliowafungia wachezaji weusi nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60. Machipuko ya 1946 yalionyesha jinsi Florida ilivyokuwa. Robinson, akiwa na timu ya Montreal Royals iliyomilikiwa na Dodgers, alilazimika kuondoka katika mji wa Sanford baada ya vitisho. Huko Jacksonville mechi ilifutwa kwa sababu yeye angecheza. Huko DeLand waandaaji walidai kwamba taa za uwanja zilikuwa mbovu, ingawa mechi ilipangwa kuchezwa mchana. Ni Daytona Beach peke yake iliyomfungulia uwanja, tarehe 17 Machi. Mwaka uliofuata Rickey aliipeleka timu nzima Havana, Cuba, kuepuka fedheha hiyo, na tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani Brooklyn akiwa mchezaji wa ligi kuu. Lakini kambi ya ng'ambo ilikuwa ghali, na haikuweza kudumu. Kilichohitajika ni kambi ndani ya Marekani ambayo timu ingeitawala yenyewe, yenye vyumba vyake na jiko lake, ili hoteli na mikahawa ya Kusini isipate nafasi ya kumkataa mtu.

Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1948 ikaitwa Dodgertown, yaani mji wa Dodgers. Timu kubwa ilifanyia sehemu kubwa ya mazoezi ya mwaka huo katika Jamhuri ya Dominika, kisha ikafika Vero Beach mwishoni mwa Machi. Tarehe 31 Machi ilicheza na Montreal kwenye kiwanja kilichoitwa Ebbets Field Namba 2, kwa heshima ya uwanja wa nyumbani wa Brooklyn. Katika zamu ya kwanza kabisa Robinson aliupiga mpira ukatoka nje ya mipaka, akazunguka besi zote nne. Mbele ya watazamaji waliokuwa wamekaa kwa kutenganishwa rangi, mtu mweusi ndiye aliyefungua kitabu cha mahali hapo.

Maisha ya kambini hayakuwa ya anasa. Mabweni ya jeshi yalikuwa na kuta nyembamba, baridi usiku na joto mchana, na wachezaji walipanga foleni ya chakula wakiwa na sinia mkononi kama makuruti. Lakini Robinson, mdakaji Roy Campanella na mrushaji Don Newcombe walilala katika majengo yaleyale waliyolala wenzao weupe, na walikula katika ukumbi uleule. Katika Florida ya 1948 jambo hilo halikuwepo karibu popote. Nje ya lango sheria ilikuwa nyingine. Mchezaji mweusi aliyetaka kunyolewa nywele, kwenda sinema au kula nje alikwenda Gifford, makazi ya watu weusi jirani na Vero Beach, au alibaki kambini.

Rickey aliigeuza kambi kuwa shule. Asubuhi kulikuwa na mihadhara, kisha makundi yalizunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa saa zilizopangwa. Palikuwa na mashine za kurusha mipira, mashimo ya mchanga ya kujifunzia kuteleza kuelekea besi, na chombo kimoja rahisi ambacho kilikuja kuwa alama ya mahali pale: nyuzi zilizofungwa kwenye miti miwili mbele ya mdakaji, zikiunda fremu ya mstatili yenye ukubwa wa eneo ambalo mpira lazima upite ili uhesabiwe halali. Mrushaji alirusha kupita katika fremu hiyo mara mia na mara mia nyingine, mpaka mkono ukajua bila kuuliza jicho. Mbinu zilizofundishwa Vero Beach ziliandikwa kitabuni na Al Campanis wa Dodgers mwaka 1954, na kitabu hicho kilisomwa mbali sana na Florida.

Oktoba 1950 uongozi wa timu ulichukuliwa na Walter O'Malley, mwanasheria aliyekuwa na macho ya mjenzi. Aliamua kwamba kambi ilistahili uwanja wa kudumu badala ya majukwaa ya mbao. Kazi ya usanifu alimpa Emil Praeger, mhandisi aliyewahi kutumikia Jeshi la Majini, na hapo ndipo ulipozaliwa ujenzi ambao hadi leo ndio unaoupa Uwanja wa Holman sura yake. Florida ni tambarare na maji yake yako karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo kuchimba uwanja kwenda chini ni kuchimba kisima. Praeger alifanya kinyume. Udongo ulichimbwa pembeni, ukamwagwa na kushindiliwa kuzunguka kiwanja mpaka ukawa tuta lenye umbo la bakuli. Juu ya mteremko wa ndani wa tuta hilo zilimwagwa ngazi za zege, na juu ya ngazi vikawekwa viti. Hakuna nguzo ya chuma iliyohitajika kuinua jukwaa, kwa kuwa ardhi yenyewe ndiyo inayolibeba. Shimo lililobaki likawa ziwa dogo, na O'Malley alitaka lichongwe umbo la moyo liwe zawadi kwa mkewe, Kay.

O'Malley hakuuita uwanja huo kwa jina lake wala la timu. Aliupa jina la Bud Holman, mtu aliyewafungulia mlango. Siku ya ufunguzi Dodgers walicheza na Athletics wa Philadelphia. Uwanja ulichukua watazamaji wapatao 5,000, na baadaye nafasi ziliongezwa hadi kufikia 6,500. Vipimo vyake vina ulinganifu kamili: futi 340, karibu mita 104, kutoka kwenye sahani ya mpigaji hadi ukingo wa kushoto, na vivyo hivyo kulia, na futi 400, yaani mita 122, hadi katikati.

Kilichowashangaza wageni zaidi ni vitu ambavyo havikuwepo. Kwa miaka mingi hapakuwa na ukuta wala uzio wa nyuma. Kiwanja kiliishia kwenye mteremko wa majani uliopandwa minazi na mitende, na mchezaji wa nyuma aliyefukuza mpira aliweza kujikuta anapanda tuta kati ya miti. Hapakuwa na paa juu ya watazamaji. Hapakuwa na paa hata juu ya wachezaji: mabenchi yao, ambayo katika viwanja vingine hufichwa ndani ya kibanda nusu chini ya ardhi, hapa yalikuwa wazi, na mchezaji anayesubiri zamu yake aliungua na jua sawa na aliyelipa kiingilio. Mtu wa safu ya kwanza aliweza kusikia kocha anasema nini. Uwanja wa gharama kubwa usingeweza kununua ukaribu huo. Praeger huyohuyo ndiye aliyekuja kusanifu Uwanja wa Dodgers wa Los Angeles, uliofunguliwa mwaka 1962, na huko pia alitumia ardhi kama msaidizi: majukwaa yamekumbatia mteremko wa kilima.

Hata hivyo, kuna doa ambalo historia ya kweli ya uwanja huu haiwezi kulipita. Mabweni yalikuwa ya Dodgers na yalifuata utaratibu wa Dodgers. Uwanja ulikuwa mahali ambapo mji uliingia ndani ya kambi, na mji uliingia na sheria zake. Kwa miaka tisa tangu ufunguzi, watazamaji weusi waliokuja kumwona Robinson, Campanella au Newcombe walielekezwa kwenye viti vya upande wa kulia, mbali na sahani ya mpigaji, na walikuwa na vyoo vyao na mabomba yao ya maji ya kunywa. Waliwashangilia mashujaa wao wakiwa wametengwa nao na vibao vya rangi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1962, na yalianzishwa na wachezaji. Peter O'Malley, mtoto wa Walter, alikuwa amepewa kuiongoza kambi mwaka huo akiwa bado kijana. Kundi la wachezaji weusi, miongoni mwao Tommy Davis, Maury Wills, John Roseboro, Willie Davis na Jim Gilliam, lilimwendea na kudai utengano uishe. Vibao viliondolewa. Lakini kibao kuondoka si sawa na hofu kuondoka: mashabiki weusi, kwa mazoea ya maisha yao yote, waliendelea kwenda pembeni, ikabidi wachezaji wenyewe wawafuate huko na kuwahimiza wakae popote wapendapo. Sheria ya taifa ya Haki za Kiraia ilipitishwa miaka miwili baadaye. Mwaka huohuo wa 1962 Wills aliiba besi 104, rekodi mpya ya ligi kuu ya zama za kisasa, na Tommy Davis aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga; lakini kazi waliyoifanya Vero Beach kabla msimu haujaanza inastahili kuandikwa juu ya takwimu hizo. Na kwa kuwa viwanja vya gofu vya eneo hilo viliendelea kuwafungia wachezaji weusi, Walter O'Malley alijenga kiwanja cha gofu ndani ya Dodgertown, kikafuatiwa na cha pili.

Timu ilipohama Brooklyn kwenda Los Angeles mwaka 1958, wengi walitarajia kambi nayo ihamie magharibi. Haikuhama. Kwa nusu karne timu ya California ilisafiri bara zima kila Februari, kwa muda mrefu ikitumia ndege yake yenyewe, kwa sababu uwanja wa ndege ulikuwa mlangoni na mafunzo yalikuwa yamekita mizizi. Katikati ya miaka ya 1960 O'Malley aliinunua ardhi ya kambi, na mwaka 1972 mabweni ya jeshi yalibomolewa, mahali pake pakajengwa nyumba 90 za kulala. Barabara za ndani zilipewa majina ya magwiji kama Robinson, Campanella na Sandy Koufax, na taa zake zilipakwa rangi zikafanana na mipira ya besiboli. Campanella, aliyepooza kwa ajali ya gari Januari 1958, alirudi katika miaka yake ya mwisho akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akawafundisha wadakaji vijana kwa mdomo kile ambacho mikono yake haikuweza tena kuonyesha. Kona aliyokuwa akikaa iliitwa kwa jina lake.

Sifa za kambi zilivuka bahari. Mwaka 1961 timu ya Yomiuri Giants ya Tokyo ilikuja kufanya mazoezi Vero Beach ikiwa na kocha Tetsuharu Kawakami, aliyekuwa amekichambua kitabu cha Campanis. Mwaka huohuo ilitwaa ubingwa wa Japani, kisha ikautwaa mara tisa mfululizo kuanzia 1965 hadi 1973, na ikarejea Florida mara kadhaa. Miaka ya 1990 vijana wawili kutoka Asia, Chan Ho Park wa Korea Kusini na Hideo Nomo wa Japani, walianzia safari zao za Marekani kwenye nyasi zilezile. Kwa Dodgers wenyewe hesabu ni fupi: mataji ya dunia ya 1955, 1959, 1963, 1965, 1981 na 1988 yote yalianzia mazoezi ya Vero Beach.

Familia ya O'Malley iliiuza timu mwaka 1998, na mambo hayakubaki vile kwa muda mrefu. Wamiliki wapya walitazama ramani kwa jicho la biashara: mashabiki wa Los Angeles walikuwa wanavuka nchi kuona mazoezi, ilhali Arizona ilikuwa jirani na timu nyingine za magharibi zilikuwa huko tayari. Kaunti ya Indian River iliinunua ardhi mwaka 2001 kujaribu kuizuia timu isiondoke, lakini mji wa Glendale, Arizona, ulikuwa na ahadi ya kambi mpya kabisa. Mechi ya mwisho ya Dodgers katika Uwanja wa Holman ilichezwa tarehe 17 Machi 2008, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo familia ya O'Malley, yenye asili ya Ayalandi, ilikuwa imeifanya siku ya sherehe kambini kila mwaka. Sehemu ya kikosi haikuwepo, kwa kuwa timu ilikuwa imetoka tu kucheza mechi za maonyesho Beijing. Waliokuwepo walifungwa na Astros wa Houston. Machipuko 61 yakafika mwisho.

Vero Beach Dodgers, timu ya ligi ndogo iliyotumia uwanja huo tangu 1980, ilikuwa imekwisha kuondoka baada ya msimu wa 2006, na timu iliyoirithi ilidumu misimu miwili tu. Kambi ingeweza kuoza. Iliokolewa kwanza na uongozi wa ligi ndogo, ulioigeuza kijiji cha michezo, kisha na Peter O'Malley mwenyewe, aliyerudi na dada yake Terry Seidler, Park na Nomo kuiendesha. Jina la Dodgertown likarejeshwa. Mwaka 2014 jimbo la Florida liliitambua rasmi kuwa urithi wa kihistoria. Mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya maeneo ya kumbukumbu ya harakati za haki za kiraia nchini Marekani, na mwaka huohuo Ligi Kuu ya Besiboli ikachukua uendeshaji wake, ikiitumia kufundisha vijana, wakiwemo wa jamii ambazo besiboli ilizifungia mlango zamani.

Uwanja umebaki na jina la Holman. Kambi yote, tangu Aprili 2019, miaka 100 tangu Robinson azaliwe, inaitwa Kituo cha Mafunzo cha Jackie Robinson. Kutoka Sanford, mji uliomfukuza mwaka 1946, hadi kwenye lango lenye jina lake ni mwendo wa takriban saa mbili kwa gari.